Maji ya Jua, Maji ya Taa

Watu wa mjini ukiwatajia mgao wa umeme watakusimulia habari za giza. Watakutajia vibatari vilivyotia masizi puani, nyama iliyoharibika kwenye friji, bibi harusi aliyepakwa wanja wa kushoto ukaenda kulia. Mimi nikisikia neno mgao nakumbuka taa. Kiangazi kile cha mwaka tisini na mbili, maji yaliposhuka kwenye mabwawa na nchi ikapangiwa zamu ya giza, kijiji chetu huku mlimani juu ya Bigwa kilikuwa kinawaka. Ukisimama Morogoro mjini jioni ukatazama juu, ungeviona vimulimuli vyetu, ukajiuliza hawa wakulima wa kabeji wamempa nani nini.

Hatukumpa mtu kitu. Tulikuwa na Lukwele, kijito kinachotoka msituni, na tulikuwa na mashine ya maji. Gurudumu lake la chuma na dainamo yake vilitoka kwenye shamba moja la mkonge lililofungwa huko bondeni. Ushirika wa kijiji ukavinunua, wanaume wakavipandisha mlimani kwa magogo na matusi. Gurudumu likizungushwa na maji linasaga mahindi, na dainamo inawasha taa za msikitini, za zahanati, na moja pale pale mashineni. Mwalimu mmoja alipanda kutoka mjini na pasi ya umeme kwapani, anyooshe shati la harusi yake. Alipoichomeka tu, kijiji kizima kikafifia. Mjomba Stambuli akaichomoa mwenyewe, akamwambia, "Mwalimu, kaoe na makunyanzi yako. Hata ndoa yenyewe itakuwa nayo."

Mjomba Stambuli alikuwa kaka wa mama yangu, na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mjomba lilikuwa juu hata ya neno la baba. Yeye ndiye aliyekuwa mndewa, mkubwa wa ukoo, na Lukwele ilipita katika ardhi ya ukoo wetu. Kazi yake kubwa ilikuwa ubao. Pale kijito kilipogawanyika mifereji miwili, mmoja wa bustani na mwingine wa mashine, palikuwa na ubao mmoja tu wa mninga. Ukiuchomeka kuziba mfereji wa mashine, maji yanakwenda kwenye kabeji. Ukiuhamishia mfereji wa bustani, yanakwenda kwenye mashine. Ubao ulikuwa mmoja makusudi, ili asitokee mjanja wa kuziba yote miwili. Tangu asubuhi yalikuwa maji ya jua, mali ya bustani. Baada ya swala ya alasiri yalikuwa maji ya taa, mali ya mashine, mpaka watu watoke isha. Kisha maji yanarudi kwenye bustani, watu wanalala. Mjomba hakuwa na saa. Alifumba jicho moja, akaweka vidole vyake chini ya jua, akakohoa kikohozi chake cha tumbaku, kisha akahamisha ubao. Hakuna aliyewahi kumwambia amewahi au amechelewa.

Isipokuwa Bi Pili. Bi Pili alikuwa wa ukoo wa ng'ambo ya kijito, na ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Anayejua utani nisimchoshe, na asiyejua aelewe hivi tu: mtani akikutukana unacheka, akichukua kitu chako humwiti mwizi, unakikomboa kwa atakachotaka. Na siku ya msiba ndiyo siku yake. Bi Pili alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kufukuza nyani. Aliingia mashineni akamvua Mjomba kofia mbele za watu, "Mzee wa maji usiyeoga wewe, leo umeliona jua kwa jicho gani, la mbele au la nyuma?" Mjomba akacheka mpaka akapaliwa, akaikomboa kofia kwa kibaba cha unga. Kesho yake yale yale. Nimeishi miji mingi tangu wakati ule, na sijaona tena watu wazima wanaopendana kwa matusi namna ile.

Mimi nilikuwa msichana wa sekondari. Shule yangu ilikuwa moja ya zile za watu binafsi, zilizoanza kuota mjini kama uyoga baada ya mvua miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na ukitaka kusoma unalipa. Karo yangu ilitoka kwenye bustani ya mama yangu, Mwanvita: kabeji, karoti na figili, matuta yaliyoteremka mlimani kama ngazi. Na jioni nilisomea mashineni, chini ya balbu ile moja, katikati ya magunia, nikatoka mweupe kwa unga mpaka watoto wakanikimbia. Kwa hiyo niseme wazi kilichokuwa kinanisumbua, maana ndicho kisa chenyewe. Maji yale yale ya Lukwele yalikuwa ada yangu mchana na macho yangu jioni. Kikikosekana kimoja, cha pili hakina faida.

Ruksa ile ile iliyoleta shule ndiyo iliyoleta malori. Zamani mama na wenzake waliteremka sokoni na vikapu kichwani, wakarudi na chumvi na sabuni. Sasa malori ya Dar es Salaam yakawa yanalala Bigwa kusubiri mboga. Kila mwenye kiganja cha ardhi akakipanda kabeji, hata ukingoni mwa maji ambako wazee walikataza. Ushirika nao ukafa kimyakimya, hata matanga haukuwekewa. Kilichobaki cha ushirika kilikuwa mashine, na serikali ya kijiji ikatangaza inauzwa.

Mnunuzi akatoka Dumila. Aliitwa Abdulswamad, mfanyabiashara wa mahindi. Aliyanunua Gairo, akayasaga kwenye mashine zake za dizeli pale njia panda ya Dumila, akauza sembe mjini. Msimtarajie jambazi, maana hakuwa. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, shikamoo hata kwa kivuli cha mzee, na viatu alivivulia mbali na mkeka. Lakini dizeli ilikuwa inapanda bei kila alipokwenda kuinunua. Siku aliyosimama pale Lukwele akayaona maji yanavyoteremka yenyewe, bila foleni, bila risiti, nilimwona anameza mate.

Akainunua mashine, kisha akaomba mkutano. Akasema atatoa nguzo na nyaya, kila nyumba iwe na taa yake. Sharti lilikuwa moja: maji yaende mashineni mchana na usiku.

"Wazee wangu," alisema, "sembe inaliwa kila siku na kila mtu. Kabeji msimu huu lori linaigombea, msimu ujao linaiacha ioze barabarani. Mmeshaona. Na umeme leo haupatikani hata mjini. Nyie mnao, mnaumwagia karoti."

Hakusema uongo. Tulikuwa tumeshaona kabeji zikioza Bigwa, na harufu yake huisahau mpaka kufa.

Mjomba akakohoa. "Mwanangu, wewe umenunua chuma. Maji hukununua."

"Chuma bila maji si mzigo tu, mzee?"

"Ndiyo. Ndiyo maana mwenye akili huuliza maji kwanza."

Watu wakacheka, lakini nyumbani hatukucheka. Kijiji kilikatika vipande viwili, wa nguzo na wa matuta, na mimi nilikatikia katikati. Niliota taa juu ya kitanda changu. Nilimwambia mama, nikidhani nina akili, kwamba labda tukubali, nitasoma vizuri zaidi. Mama alikuwa anachambua figili. Hakuinua hata uso.

"Unataka taa uone nini, Riziki? Uone ulivyofukuzwa shule?"

Mwisho wa kiangazi Mjomba Stambuli akaanguka kitandani. Mndewa akiwa mgonjwa, jambo lake haliamuliwi na mtu mwingine. Kumwamulia ni sawa na kumchimbia kaburi. Kwa hiyo kijiji kikanyamaza. Abdulswamad naye alikuwa na mahindi ya Gairo yanayobunguliwa ghalani, hakuweza kungoja. Akauchomeka ubao upande wa bustani, maji yote yakaenda kwake, akaufunga kwa mnyororo na kufuli. Akaja kutuambia mwenyewe, kwa adabu zake zote, kwamba ni kwa muda tu, mpaka mzee apate nafuu.

Mashine ikasaga usiku na mchana. Mfereji wetu ukakauka ukabaki na vyura waliopigwa butwaa. Mama na mimi tukawa tunabeba ndoo kutoka bondeni, na ndoo mlimani hupungua kila hatua. Kabeji zikalegea masikio. Mkuu wa shule akanirudisha nyumbani, akaniambia nije na karo au nisije. Nikakaa barazani, kitabu mapajani, na taa ya mashineni inawaka mpaka asubuhi, ya bure kabisa. Niliichukia taa ile. Sijawahi kuchukia kitu kizuri namna ile, na nilijichukia na mimi.

Kisha Mjomba akafariki.

Nilimlilia kwa vyote viwili, kwa kumpenda na kwa woga. Aliyekuwa akijua jua liko wapi hayupo, na kufuli lipo. Wajomba wadogo walinong'ona habari za polisi na mahakama, wakanyamaza wenyewe, maana Abdulswamad alikuwa na karatasi za kununulia na sisi tulikuwa na marehemu.

Abdulswamad alikuja siku ya kuvunja matanga. Mwingine angetuma salamu akabaki Dumila, na angekuwa salama. Lakini adabu zilimponza. Akaja na sukari na mchele, akavua viatu mbali, akatoa pole kwa kila mtu, akaketi mkekani akanawa akala wali wa matanga. Nadhani alidhani, kwa kuwa ni mgeni, hayamhusu. Hapo ndipo alipokosea. Aliyekula matanga ameingia msibani, na msibani wenye amri ni watani. Tena Dumila ni kwa Wakaguru, na Mkaguru haambiwi utani ni nini.

Bi Pili akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa kanzu ya Mjomba iliyomfika magotini, kofia yake, na begani jembe lake mwenyewe. Akasimama uani. Akakohoa.

Wallahi kilikuwa kikohozi cha Mjomba. Wanawake walipiga yowe, nusu kilio, nusu kicheko. Akafumba jicho moja, akaweka vidole chini ya jua, akasema kwa sauti nzito, "Nyie wavivu, mmejaa hapa mnakula wali wangu. Nimekufa kidogo tu, mmeshasahau saa ya maji?" Mama yangu, ambaye hakuwa amecheka tangu kiangazi kianze, alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yalikuwa yanamtoka vilevile.

Bi Pili akaanza kutembea mwendo wa Mjomba, goti la kulia likigoma, na msiba mzima ukamfuata kuteremka Lukwele. Abdulswamad naye alifuata, vidole bado vina wali, maana kubaki peke yake mkekani kungekuwa aibu zaidi.

Tukafika kwenye ubao. Bi Pili akaliona kufuli, akaliinamia, akaligonga kwa kidole.

"Nani kanifunga mdomo?" akauliza. "Maiti hufungwa taya, hafungwi kufuli."

Hapo hakucheka mtu. Akashusha jembe begani, akapiga kufuli kwa mgongo wa jembe. Akapiga tena. Lilipofyatuka, akavuta mnyororo, akaung'oa ubao kwa mikono yake miwili, akauhamishia upande wa mashine. Maji yakasita kidogo, yakaingia mfereji wa bustani yakisukuma majani makavu na vumbi mbele yake. Kule chini mashine ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikanyamaza. Nilikuwa nimesahau jinsi Lukwele inavyosikika ikiwa peke yake.

Bi Pili akajivika mnyororo shingoni, kufuli likining'inia kifuani, akaketi juu ya jiwe. "Mwenye mkufu huu aje aukomboe."

Watu wote wakamtazama Abdulswamad. Angeweza kushuka mjini akarudi na polisi. Angeweza kukasirika. Lakini anayemkasirikia mtani msibani amejifukuza mwenyewe. Nani angempakulia gunia tena, nani angemwitikia salamu? Na nilimwona usoni kwamba hilo alilijua, na kwamba kulikuwa na kitu kingine pia. Alikuwa anazuia kicheko.

"Niukomboe kwa kitu gani, mama?"

"Mama yako nani? Mimi Stambuli!"

Kicheko kikalipuka, na yeye akashindwa, akacheka. "Basi, Mzee Stambuli. Sema."

"Jua ni la bustani. Hilo lilikuwepo kabla ya bibi yako. Baada ya alasiri maji ni yako."

"Mpaka isha tu, mzee? Mahindi yangu yataliwa na wadudu."

Bi Pili akafikiri. Sijui kama aliyekuwa anafikiri alikuwa yeye au Mjomba. "Isha ilikuwa ya ushirika," akasema. "Wewe chukua mpaka alfajiri. Usiku kabeji zimelala, maji yanakwenda bure mtoni. Saga mpaka mkono ukuume. Na nguzo zako utaleta."

Nilimwona Abdulswamad anapiga hesabu, maana mfanyabiashara hupiga hesabu hata kaburini. Kisha akafuta vidole kwenye kanzu yake, akampa mkono marehemu. "Nimekomboa."

Na ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu, kwa miaka mingi. Hakuna aliyeandika popote. Mama alichukua kazi ya ubao. Alijifunza kufumba jicho moja, na kukohoa akaongeza mwenyewe, ingawa hakuvuta tumbaku. Malori ya Gairo yalifika Bigwa na mahindi, yakashuka na kabeji. Nguzo zikasimama. Nilirudi shule kwa kabeji za msimu ule, na usiku nikawa nasoma kitandani kwangu, nikisikia mashine inavyonguruma bondeni, na nililala na ngurumo ile kama mtoto anayebembelezwa. Leo nikikosa usingizi ndiyo naitafuta. Feni haifanani, nimejaribu.

Nikawa mwalimu, nikapangiwa Dumila, Mvomero, Kilosa, kote huko. Kila likizo nilipopanda mlima, Bi Pili alinipokea kwa kunipokonya mkoba, "Mwalimu mjinga huyu karudi, hata kibatari hawezi kuwasha," na nikaukomboa kwa kanga. Sasa nasema kwa uchungu, na sitaficha: sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa raha. Nilidhani raha iko mbele, inakuja na barabara.

Barabara ikaja. Umeme wa gridi nao ukapanda mlima, na balbu zake ni kali kuliko zetu, siwezi kusema uongo. Ikaja pia mipira ya plastiki ya kuvutia maji. Mwenye shamba juu akatandika mpira wake mpaka chemchemi, wa juu yake akatandika wake juu zaidi, kila mtu na mpira wake, na maji ya mpira hayana zamu. Mashine iliposimama hakuna aliyeshangaa. Abdulswamad alikuwa ameshazeeka, akaja mara moja kuitazama, akaipapasa kama ng'ombe, akaondoka. Ubao wa mninga ulibaki pale pale, ukiwa haugawi kitu.

Mwaka juzi nikapigiwa simu: Bi Pili amefariki. Wajomba zangu wote wameshatangulia, mama pia. Watani wa Bi Pili ni sisi, na katika sisi mtu mzima aliyebaki ni mimi. Mwalimu mstaafu, magoti mabovu. Wajukuu zake wakanitazama tu. Nikaingia chumbani kwake nikatoka nimevaa kanga zake, jembe lake begani, mpini umelainika kwa mikono yake.

Nikapandisha sauti ile ya kufukuza nyani. "Kafa huyu kwa uvivu! Kasikia magugu yameota, kajilaza!" Sikujua kama ningeweza. Uwanja mzima ulilipuka. Nikatembea mwendo wake, mrefu, mkono kiunoni, nikawateremsha wote mpaka Lukwele, nikitukana njia nzima.

Kwenye ubao palikuwa pakavu. Majani, chupa ya plastiki, na mbigili. Nikaung'oa ubao hata hivyo, nikauhamishia upande wa pili, kwa sababu ilikuwa baada ya alasiri. Tukasimama. Hakikuja kitu. Mtani halii msibani, ni mwiko, kwa hiyo nikakohoa.

Kisha nikaketi juu ya jiwe lile, jembe mapajani. "Mwenye jembe hili aje alikomboe."

Mjukuu wake mkubwa akaja na kuku. Nikakataa. Akaleta doti ya kanga, akaleta noti. Nikakataa.

"Basi unataka nini, bibi?"

"Maji ya taa," nikasema. "Jioni moja tu."

Wakacheka wote mpaka wakashikana mabega, na walikuwa na haki, maana mtani akisema huchekwa. Nikarudi Bigwa na jembe. Liko nyuma ya mlango wangu mpaka leo, na hajaja mtu kulikomboa.